Siku Niliyomuoa Bibi Yangu Lubumbashi

Nilifika Lubumbashi, kule Kongo, na begi la vitabu na kiburi cha mtu aliyekulia Morogoro. Basi lilitutoa Dar, likapita Tunduma, likaikata Zambia hadi Kasumbalesa, na njia nzima najiambia: Kifaransa sijui, sawa, lakini Kiswahili nani atanifundisha?

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Bukari nikakuta ni ugali, sombe ni kisamvu, nikala nikashiba. Nikazoea "batoto", "mutu" na "eko wapi", nikajiona nimeshahitimu.

Kesho yake, kwenye tamasha la vitabu, nikapewa maiki. Wanafunzi, walimu, akina mama waliopendeza kwa vitenge. Nikaanza na maneno ambayo hayajawahi kuniangusha popote.

"Hadithi zangu zote nimezipata kwa bibi yangu."

Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Nikanogewa.

"Bibi yangu sasa ana miaka 84."

Vigelegele vikakatika.

"Nilipokuwa na miaka mitatu alinichukua, akawa ananibeba mgongoni kwenda shamba." Mwanafunzi wa mstari wa mbele akaacha kuandika. Nikadhani uchungu umemwingia. "Amezaa watoto tisa. Wa kwanza ndiye mama yangu mzazi."

Mama mmoja akajishika kichwa: "Yesu wangu!"

Kijana aliyekuwa akiongoza kikao akaona aniokoe. Akainama, akauliza kwa upole, "Papa, eko kambo yako?"

Sasa, kwetu kambo ni mama wa kambo, yule wa kukupimia mchuzi kwa kijiko. Nikapandwa na hasira kwa niaba ya bibi. Nikaisogeza maiki mdomoni kabisa.

"Hapana! Si wa kambo hata kidogo! Ni damu yangu!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Mzee mmoja alitoka nje akijifuta machozi. Yule kijana akaandika kwenye karatasi, akanisogezea: "Huku bibi njo muke ya mutu. Kambo njo mama ya mama yako."

Nikaisoma mara mbili. Yaani nimewatangazia watu kwamba nimeoa ajuza aliyenibeba mgongoni, kwamba mama yangu ni binti yake, na nilipofunguliwa mlango wa kutokea, nimeubamiza mwenyewe na kuapa kuwa ni damu yangu.

Kinachoniuma ni kwamba dalili nilikuwa nazo. Kila Jumamosi kwetu tunamshangilia bibi harusi, na sijawahi kumwona mwenye mkongojo.

Mchana kijana akanieleza kwamba mji wao ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, vibarua wakaja kutoka kila upande na lugha zao, na Kiswahili kikawapokea wote. Nilimsikiliza kwa adabu. Ya asubuhi yalikuwa yamenitosha.

Vitabu, nisiwe mwongo, viliisha vyote. Ila kila aliyekuja kusainiwa aliuliza kwanza: "Na bibi, eko muzima?"

Usiku nikampigia simu mwenyewe, nikamsimulia huku nikiomba radhi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Si nakuita mume wangu tangu hujaota meno? Hao wamekuelewa sawasawa," akasema. "Sasa mahari yangu inakuja lini?"