Sayyidna Umar na ardhi ya Sawadi: uamuzi uliosimama, na ule alioutilia shaka mwenyewe

Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) akitajwa katika mawaidha, husikika zaidi bakora yake na viraka vya nguo yake. Ukali huo ulikuwepo, lakini suala kubwa kuliko yote ya kiuchumi katika utawala wake hakulimaliza kwa ukali. Alilimaliza kwa hesabu, kwa hoja, na kwa kuvumilia kupingwa hadharani na watu waliomzidi kelele.

Suala lenyewe ni hili. Baada ya vita vya Qadisiyya dhidi ya Waajemi, Waislamu walijikuta wameshika Sawadi, yaani mashamba ya Iraki yanayonyweshwa na mito ya Frati na Tigri. Askari walitaka yagawiwe. Bilal bin Rabah, Zubayr bin al-Awwam na Abdurrahman bin Awf walisimama upande huo, na hoja yao haikuwa tamaa. Aya ya 41 ya Sura Al-Anfal inatoa khumsi, yaani moja ya tano, ya ngawira (mali iliyotekwa vitani) na kuacha sehemu nne kwa waliopigana. Tena Mtume (s.a.w.) aliigawa Khaybar mwaka wa 7 Hijria. Nani angethubutu kusema kwamba shamba lililotekwa kwa upanga si ngawira?

Umar mwenyewe aliwahi kuelekea kugawa. Aliamuru watu wahesabiwe, ikaonekana kila askari angepata wakulima watatu hivi. Ali bin Abi Talib akamshauri wakulima waachwe walipo, wawe tegemeo la Waislamu wote. Muadh bin Jabal naye alimwonya kwamba mapato makubwa yataingia mikononi mwa wachache, hao watakufa, na mwishowe mali yote itamwangukia mwanamume mmoja au mwanamke mmoja, huku wanaokuja baadaye wakikosa. Umar akaongeza swali la mtawala: ngome za mipakani, Kufa, Basra, Sham, zitalishwa na nini? Askari aliyepewa shamba hugeuka mkulima, na mpaka hubaki wazi.

Mjadala ulichukua siku kadhaa. Bilal alishikilia msimamo wake hata Umar akamwomba Mwenyezi Mungu amtosheleze dhidi ya Bilal na wenzake. Hakumtia gerezani, wala hakumnyamazisha. Aliwaita Maansari (wenyeji wa Madina) kumi, watano wa kabila la Aus na watano wa Khazraj, akawaambia kwamba yeye ni mmoja tu kama wao. Kisha akasoma Sura Al-Hashr, aya ya 7 hadi ya 10, inayowataja Muhajirina (waliohama Makka), halafu Maansari, halafu “waliokuja baada yao”. Kama wa baadaye wana fungu, ardhi haiwezi kuisha leo.

Mfano wa Khaybar nao haukuwa wote upande wa wapinzani. Mafungu yake yalikuwa 36. 18 yaligawiwa, na 18 yakabakishwa kwa wageni na mahitaji ya umma.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, hawakukubaliana. Wahanafi wanasema imamu, yaani mtawala, ana hiari. Wamaliki wanasema ardhi huwa wakfu. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, alishikilia kwamba asili ni kugawa, na kwamba Umar aliwaridhisha wenye haki. Ushahidi ni kabila la Bajila: walikuwa robo ya jeshi, wakapewa robo ya Sawadi kwa miaka michache, kisha Umar akawaomba wairudishe. Kiongozi wao Jarir bin Abdullah alikubali, akapewa dinari 80. Mwanamke mmoja wa kabila hilo alikataa kuachia fungu la baba yake hadi apewe ngamia, kitambaa chekundu na dhahabu ya kujaza viganja viwili. Akapewa. Kwangu hii ndiyo hoja nzito zaidi ya Washafi, maana serikali inayojiona mwenye mali hailipi fidia.

Utekelezaji ulikuwa wa kitaalamu. Uthman bin Hunayf na Hudhayfa bin al-Yaman walitumwa kupima. Ikapatikana jaribi milioni 36, kila jaribi dhiraa 60 kwa 60. Mapokezi ya viwango yanatofautiana. Mojawapo linaweka dirhamu 10 kwa jaribi la mizabibu, 4 kwa ngano, 2 kwa shayiri. Siku chache kabla ya kupigwa jambia, Umar aliwauliza wawili hao: je, hamkuibebesha ardhi isichoweza? Kasoro ilikuwa katika kipimo chenyewe. Kodi ya eneo hailegei mavuno yanapopungua, ndiyo maana Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, alishauri kodi iwe fungu la mavuno.

Mapato yaligawiwa kupitia diwani, yaani daftari la posho, na hapa ndipo ninapoona udhaifu. Abu Bakr alikuwa akigawa sawasawa, akisema fadhila za watu zina malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Umar alikataa kumlinganisha aliyepigana dhidi ya Mtume na aliyepigana pamoja naye. Hivyo Muhajirina waliopigana vita vya Badr walipata dirhamu 5,000 kwa mwaka, Bibi Aisha 12,000, na walioingia Uislamu mwishoni mia chache tu. Hakujipendelea: Usama bin Zayd alimpa 3,500 na mwanawe Abdullah 3,000, kwa kuwa Usama na baba yake walipendwa zaidi na Mtume. Lakini uadilifu wa mgawaji haufuti athari ya mgao. Mwenye 5,000 hununua, hukopesha, huajiri, na pengo hukua lenyewe. Ndilo kosa lilelile alilokataa katika ardhi, limerudi kwa mlango wa posho.

Inapokewa kwamba mwishoni alisema akiishi hadi mwaka unaofuata atawaunganisha watu wa mwisho na wa mwanzo katika posho. Aliuawa mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria, 644 Miladia, kabla ya kulitenda. Uthman aliendelea na madaraja yale. Ali aliporudisha usawa, baadhi ya waheshimiwa waliozoea fungu kubwa waliuona kuwa ni kunyang'anywa haki yao.