Mshale Uliorudi ANZA

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Kibuye, hapa Kisumu, na Jumatatu hiyo niliamua litaendeshwa kisomi. Nilikuwa nimechoka kuulizwa "bosi, sasa nifanye nini?" kila dakika tano. Nikageuza kalenda ya mwaka uliopita, nikachora chati mtiririko nyuma yake, yaani mchoro wa kazi hatua kwa hatua kwa mishale: duara bapa la ANZA, visanduku vya kazi, na almasi yenye swali la ndiyo au la. Kijana wa mkokoteni akaiita tiara. Nikamwacha.

Wakati wa chai nikawahutubia. Mambo haya hayakuanza jana, nikasema; mwaka 1921 wanandoa Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya namna hii, na huyo Frank alianzia kazi ya uashi wa matofali.

"Basi saruji anaijua," keshia akasema huku akikoroga kikombe. Mimi nikaona ni pongezi.

Swali la almasi lilikuwa "Malipo yameingia?" Kama la, mtu angoje kidogo aulize tena. Lakini visanduku nilivichora vinono mno (nilitumia boksi la misumari badala ya rula), nafasi ya kurudisha mshale kwenye swali ikakosekana. Nikaupitisha pembeni mwa karatasi, ukapanda, ukapanda, hadi ukapata pa kutua: ANZA. Mshale ni mshale, nikajiambia.

Saa nne nikaenda benki. Agizo langu lilikuwa moja: fuateni chati, msinipigie simu.

Akaja mzee kutoka Ahero, anataka saruji mifuko 5. ANZA. Andika oda. Pakia mkokoteni. Malipo yameingia? Mzee ametuma kwa simu, ila ujumbe unajikokota. La. Keshia akaufuata mshale kwa kidole hadi juu. ANZA. Andika oda. Pakia.

Niliporudi mkokoteni ulikuwa na mifuko 20. Kila mmoja kilo 50, yaani tani nzima, na gurudumu la kushoto limelala kama chapati. Mzee ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, oda nne mkononi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mimi najenga choo, si daraja."

"Kwani ujumbe haukuingia?"

"Uliingia tukipakia mara ya nne," keshia akajibu. "Lakini kisanduku cha kupakia hakina swali."

Nikamgeukia kijana. "Shusha mifuko 15, jaduong' aende zake."

Akaikagua chati juu hadi chini, kisha pembeni, kama mtu anayesoma hati ya shamba kabla ya kuweka kidole.

"Bosi, hapa hakuna mshale wa kushusha."

Nikavua shati langu la benki, nikaukumbatia mfuko wa kwanza. Nilipofika wa saba, nikiwa mweupe hadi kope, nilimsikia mzee akimuuliza keshia kama kwenye ile karatasi kuna mahali pa chai.