Mhudumu wa Mvinyo na Pafyumu Mwilini

Katika kazi ya kuhudumia mvinyo kuna kanuni ya zamani: usije mezani umejipulizia pafyumu. Kijana anayeanza kazi kwenye hoteli ya watalii Arusha anaweza kuisikia akadhani marashi na mvinyo ni maadui. Hapo ndipo ninapokataa.

Harufu nyingi za vitu hivi viwili ni zile zile kabisa, hadi kwenye kemikali. Eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Watengeneza manukato huitia kwa makusudi. Mvinyo huipata ukikaa ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyobabuliwa kwa moto. Vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, nayo hutoka kwenye mapipa hayo hayo. Linaloli, kemikali yenye harufu ya maua, imo katika zabibu za aina ya Muscat, katika mbegu za giligilani tunazopikia, na katika langilangi, ua linalopendwa Zanzibar na lililotiwa pia kwenye pafyumu ya Chanel No. 5 mwaka 1921.

Halafu kuna ndizi. Mvinyo mchanga wa Beaujolais, Ufaransa, mara nyingi hunukia ndizi mbivu na wala hauna hata ndizi moja. Hamira ndiyo inayotengeneza harufu hiyo zabibu zinapochacha. Mtu wa Moshi aliyekua akiona ndizi zikivundikwa kwa ajili ya mbege, pombe ya ndizi, ataing'amua kabla glasi haijafika mdomoni. Kwa nini afundishwe kukariri matunda ya Ulaya ambayo hajawahi kuyaonja?

Hata hivyo, wanaoitetea kanuni wana hoja nzito. Pafyumu imetengenezwa idumu mwilini kwa saa nyingi, na harufu ya mvinyo ni nyepesi, hufunikwa upesi. Mwenye kujipulizia mwenyewe pua yake imeshaizoea, haisikii tena anachomharibia mgeni aliyelipia chupa. Tena mvinyo hauishii puani: ukishaumeza, harufu hupanda tena kupitia nyuma ya koo, ikiwa na uchachu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Pafyumu haina hayo, kwa hiyo fundi wa marashi si lazima awe mwonjaji hodari.

Basi mezani kanuni ibaki. Kwenye mafunzo mambo yageuzwe: wahudumu waanze na vikombe vya karafuu, giligilani na vanila inayolimwa huku huku Kilimanjaro, wanuse macho yamefumbwa, ndipo waletewe mvinyo mwekundu uliokaa kwenye pipa. Wakisikia karafuu, wamwambie mgeni karafuu.