Sikuteka Daladala

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kucheka, nisikilizeni na mimi. Habari mliyoipata imetoka kwa jamaa mmoja anayeuza vocha pale kituoni. Simtaji, anajijua. Sikuteka daladala. Narudia, sikuteka daladala.

Kisu nilikihitaji kweli. Kazi ya stoo ni kukata kamba za maboksi kutwa nzima, na wembe umeshanimaliza vidole. Fundi simu wa jirani, mjuzi wa vitu hivi, aliniambia: "Tafuta Opinel ya Mfaransa, namba 8. Mpini wa mti, shingoni ina pete ya chuma. Ukiizungusha, kisu hakiendi popote. Pete hiyo wameiweka tangu 1955, haina cha kukwama." Nikasikia bei, nikamshukuru, nikashika njia ya Kariakoo. Huko kwa 7,000 nikapata cheusi, kimechorwa chui mpinini, na maneno ya Kiingereza yaliyokosewa herufi. Ukikipiga dole gumba kinafyatuka, chwaa! Nilikifyatua mpaka muuzaji akachoka. Kukifunga alikuwa anafunga yeye. (Wadau, mlikuwa wapi muda huo?)

Jioni, daladala la Gongo la Mboto limeshiba mpaka mlangoni. Ubavuni kwangu dada kampakata mtoto, mtoto ana chungwa limemenywa ila halijakatwa, mama mtu anahangaika nalo kwa meno. Mwanaume na kisu kipya mfukoni ningevumiliaje? "Lete dada nikusaidie." Chwaa! Kwa nguvu zote, maana watazamaji walikuwepo.

Chungwa likawa nusu mbili, safi kabisa. Haya, funga sasa.

Visu hivi vina ulimi mwembamba wa chuma ndani ya mpini. Kisu kikifunguka, ulimi unaruka nyuma ya ubapa ili usikurudie vidoleni. Ukitaka kufunga, unausukuma pembeni. Wa kwangu, kwa zile mbwembwe, ulipitiliza ukajibana upande wa pili. Nikasukuma. Wapi! Nikasukuma tena, dole linateleza kwa maji ya chungwa. Nikakiinua juu kidogo nipate mwanga wa dirishani.

Nyuma yangu mtu akasema, "Yesu wangu."

Dereva akazima singeli. Mama wa kiti cha mbele akageuka polepole, akakitazama kisu, akanitazama mimi, akaanza kuvua hereni. Halafu nafasi ikapatikana. Jamani, Gongo la Mboto, saa kumi na mbili jioni, nafasi! Ningeweza kutandika mkeka. Konda, wala hajaulizwa, akaninyooshea noti zote alizozikunja vidoleni: "Kaka chukua, sisi tuna familia." Nami jasho linanitoka, macho kwenye ule ulimi, nikamjibu, "Subiri kwanza, sijamaliza."

Mlio uliofuata siwezi kuuandika.

Aliyebaki ametulia ni mtoto peke yake. "Anko, nipe nusu yangu." Kweli, ilikuwa imeniangukia mapajani.

Nikashushwa Tazara, nauli hata hawakuidai. Fundi wa kuchomelea akaupiga ule ulimi kwa bisibisi, kisu kikajikunja, akachukua buku lake huku anacheka. Tangu hapo kinafungika vizuri mno. Kufunguka ndiyo kimegoma. Anayekitaka aniandikie pembeni, bei tunaongea, na chui bado anang'aa.