Sweta Lililorudi

Wifi yangu alinificha jambo moja kwa karibu mwaka mzima. Kila nilipomtembelea siku za baridi nilimkuta amevaa koti la dukani, na sweta la sufu nililomfumia kwa mikono yangu, kazi ya jioni za miezi mitatu, halikuonekana kabisa. Siku nilipomuuliza alinyamaza, akaingia chumbani, akatoka na kitu cha kijivu ambacho kingemtosha mtoto wa miaka minne, kizito na kigumu, mikono yake imekakamaa kama ya mwanasesere. "Wifi, nisamehe," akasema, "niliogopa kukuambia." Alikuwa amelitia katika mashine ya kufulia pamoja na mashuka na taulo, kwa maji ya nyuzi joto 60, na sabuni ya unga ile ile anayofulia kila kitu.

Nilikasirika, na sioni haja ya kujifanya kwamba sikukasirika. Hata hivyo, hasira ilipopoa nililazimika kujiuliza ni nani aliyemwambia kwamba sweta lile lisifuliwe hivyo, na jibu likawa kwamba hakuna aliyemwambia. Ile karatasi inayozungushiwa donge la uzi, ambayo huchapishwa maelezo yote ya ufuaji, niliitupa jioni ya kwanza nilipoanza kufuma. Nguo ya kiwandani huja na kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, chenye alama zinazosimamiwa na chama cha kimataifa cha GINETEX kilichoundwa mwaka 1963: beseni lenye mkono humaanisha ifuliwe kwa mkono, beseni lenye namba huonyesha joto la juu kabisa la maji, beseni lililokatwa hukataza kuifua nyumbani kwa maji, na mraba wenye mstari wa kulala huagiza nguo ikaushwe ikiwa imelazwa. Sweta langu halikuwa na hata alama moja. Nilimpa mtu vazi bubu, kisha nikataka kumlaumu kwa kutolisikia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba vazi la mkono linapoharibika katika kufuliwa mara ya kwanza, wa kuulizwa kwanza ni aliyelitengeneza. Najua wafumaji wenzangu wengi hawatakubaliana nami, kwa kuwa tumezoea kusimuliana misiba hii kwa namna moja tu, yaani fundi ameonewa na mfuaji hana shukrani. Wapo hata wanaoweka orodha ya jamaa "wanaostahili" kufumiwa, na aliyeharibu sweta moja hufutwa humo bila kusikilizwa. Desturi hiyo siipendi, kwa sababu huugeuza ujuzi wetu kuwa mtihani ambao maswali yake tunayajua sisi peke yetu.

Tukumbuke kwamba hatari yenyewe haionekani kwa macho. Sufu ni nywele, na imejengwa kwa keratini, protini ile ile iliyomo katika nywele zetu na kucha zetu. Kila unywele wake umefunikwa magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea ncha. Maji ya moto na sabuni kali huyafanya magamba hayo yanyanyuke, na mashine inapolipigapiga vazi huku na huku, nywele husogea kuelekea upande mmoja bila kuweza kurudi zilikotoka, kwa kuwa magamba ya unywele huu yamekwisha kunasa katika magamba ya ule. Vazi hunywea, hunenepa na kushikamana. Zamani mafundi wa vitambaa walifanya hivyo kwa makusudi ili kupata nguo nzito isiyopitisha upepo. Wale wa Roma walikanyaga sufu kwa miguu ndani ya vyombo vilivyotiwa mkojo uliochacha, kwa ajili ya amonia yake. Kwa hiyo wifi yangu alifanya kazi ya ufundi wa kale bila kujua, na kwa usafi zaidi kuliko wao.

Sabuni nayo ina lawama yake. Sabuni nyingi za unga huwekwa vimeng'enya vinavyovunja protini, maana madoa ya damu, yai na maziwa ni protini. Lakini sufu pia ni protini, na hariri vilevile, na kimeng'enya hakina akili ya kutofautisha doa na nguo. Dawa ya kung'arishia yenye klorini ni mbaya zaidi, kwa sababu huweza kuiyeyusha sufu kabisa. Mtu aliyefua pamba maisha yake yote, na pamba huvumilia karibu kila adhabu, atayajuaje haya asipoambiwa?

Wengi huuliza kama vazi la namna hiyo linaweza kurudishwa katika hali yake. Kama limenywea tu na vitanzi vya uzi bado vinaonekana kimoja kimoja, kuliloweka nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye kilainishi cha nywele, kisha kulivuta polepole na kulilaza likauke, huweza kurudisha sehemu ya ukubwa wake. Vitanzi vikishapotea, hakuna dawa. La wifi yangu lilikuwa limefika huko.

Kuna jambo la pili ambalo fundi hulikwepa, nalo ni kuchagua uzi kwa kutazama maisha ya mpokeaji badala ya kutazama fahari yake mwenyewe. Wifi yangu ana watoto watatu na hufua karibu kila siku. Nilipomletea vazi linalotaka beseni lake, sabuni yake, maji yasiyozidi vuguvugu, kukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa na kulazwa mahali tambarare, nilimwongezea kazi na kuiita zawadi. Ipo sufu iliyotibiwa ili istahimili mashine, ambayo kwa kawaida magamba yake hupunguzwa kwa klorini kisha hufunikwa utando mwembamba wa aina ya plastiki. Binafsi siufurahii sana mguso wake, tena hutanuka ikilowa, lakini hayo ni matakwa yangu mimi niliyeshika sindano, si ya atakayevaa.

Wala mimi si mtakatifu katika hili. Niliwahi kufuma fulana ya mistari myekundu na myeupe, nikaiosha kwa mkono kwa uangalifu wote, ikatoka ya waridi tangu shingoni hadi pindoni kwa sababu uzi mwekundu ulichuja rangi. Kipande cha majaribio, kile kifumwacho kabla ya vazi ili kuupima uzi, nilikuwa nimekifuma, nikakipima, ila sikukifua. Tangu hapo kila kipande changu hupitia maji yale yale yatakayopitia vazi, na nikiona hofu kukiingiza katika mashine ya mpokeaji, najua kwamba uzi huo haumfai.

Lile sweta tulilikata pamoja mezani kwake. Sufu iliyoshikamana hivyo haifumuki ikikatwa, tukapata vitambaa vinne vya kushikia sufuria za moto, kazi ambayo inaiweza vizuri kwa kuwa haishiki moto upesi. Huku tukikata nilimuuliza swali nililopaswa kumuuliza mwaka uliotangulia, kwamba angependa nimfumie nini. Alifikiri kidogo, akasema angependa kitu cha pamba, chepesi, ambacho hata mumewe akikitumbukiza katika mashine asubuhi bila kuuliza, jioni atakivaa.

Nimekwisha kumaliza mgongo na mkono mmoja. Safari hii karatasi ya uzi ipo, nimeibana kwa pini kwenye mfuko wa sindano.