Sehemu Gani Hiyo?

Jana saluni, hapa Kamalondo, Lubumbashi, mama mmoja anatusimulia ya Arletty, yule mwigizaji wa Ufaransa aliyekamatwa 1944 kwa mapenzi na ofisa wa Kijerumani. Tumenyamaza wote, hata kitana kimesimama nyweleni. "Basi akawajibu: moyo wangu ni wa Kifaransa, lakini..." Lakini nini, mama? Akatazama mlango. "Lakini sehemu fulani ni ya kimataifa."

Sehemu gani? Kisigino? Sikio? Matako, jamani! Miaka yote inasimuliwa matako! Ukitoa neno hilo umebaki na nini? Sombe bila chumvi! Sote mle tumezaa, wengine wana wajukuu, anamwonea haya nani? Na wale wasimuliaji wanaocheka wenyewe mpaka machozi kabla hawajamaliza kisa? Mnatupandisha mwembe, kisha mnaondoka na ngazi!