Barua ya juri ikifika, mbona wote tunaingia mitini?

Mtu akipata barua ya kuitwa juri huku Marekani, yani awe mmoja wa raia wa kawaida wanaokaa mahakamani kuamua kesi, swali analowauliza Waswahili wenzake siku zote ni moja tu, jamani nachomokaje? Haulizi kunakuaje huko ndani wala kesi inachukua muda gani, anataka kuchomoka basi. Na ushauri unamiminika hapohapo, huyu anakwambia sema unawachukia polisi, yule anasema waambie dini yako hairuhusu kuhukumu mtu, mwingine eti we jifanye Kiingereza hakipandi. Hicho cha mwisho huwa kinanichekesha sana, manake anayekitoa ni yuleyule aliyekariri yale maswali 100 ya mtihani wa uraia wa toleo la 2008, kwa Kiingereza, na kulikuwa na swali linasema kabisa taja wajibu mmoja ambao ni wa raia peke yake, na jibu mojawapo lililokubalika ni kuhudumu kwenye juri. Ulijibu, ukapasi, ukapiga picha na bendera!

Mi naona kukwepa kwetu ni aibu, ila aibu kubwa zaidi ni ya hao wanaotuita.

Tuanze na hela. Mahakama za shirikisho zinalipa dola 50 kwa siku, kesi ikipita siku 10 wanaweza kukusogeza mpaka 60. Na hapo ndo pazuri. Mahakama za jimbo la California ni dola 15, alafu siku ya kwanza hupati kitu. Sheria ya shirikisho inamkataza bosi kukufukuza kazi kisa umeitwa juri kwenye mahakama za shirikisho, sawa, lakini kama unalipwa kwa saa haimlazimishi akulipe zile saa ambazo hukuwepo. Yani kazi unayo ila wiki hiyo mfuko mtupu.

Nilipoitwa mimi, kwenye chumba cha kusubiri mbele yangu alikaa mama mmoja anayetunza wazee majumbani, muda wote anapiga hesabu kwenye simu, anafuta, anapiga tena, kodi ya nyumba, hela ya anayemlelea mtoto, anafuta. Jaji alipouliza nani ana shida ya kumzuia, akanyoosha mkono akaeleza kwa sauti ya chini sana, akaambiwa nenda mama. Nani angemkatalia? Ila cheki sasa waliobaki, wastaafu, watu wa ofisini ambao kampuni inaendelea kuwalipa kama kawaida, na kijana mmoja ambaye nahisi alikuwa anakula kiyoyozi tu. Alafu mshtakiwa mwenyewe ni mtu wa kupakua mizigo usiku, akigeuka kuangalia lile jopo anamuona nani pale anayeyajua maisha yake? Wanaita juri ya watu wenzako. Wenzake wameshachujwa na kodi ya nyumba kabla hata mawakili hawajafungua mdomo.

Mkono mtupu haulambwi, na San Francisco waliliona hilo. Mwaka 2022 walianza majaribio ya kuwalipa dola 100 kwa siku wajumbe wa juri wenye kipato kidogo, na wengi waliopokea walisema bila hiyo hela wasingeweza kukaa mpaka mwisho. Kumbe sio uvivu.

Sasa nyie wenye mshahara usiokatwa ndo siwaelewi. Mtu kampuni inamlipa vizuri tu, na bado anajisifia alivyompiga chenga jaji. Hivi unajua kiti kimoja kina uzito gani? Louisiana walikuwa na sheria yao ya tangu 1898, watu 9 kati ya 12 wakikubaliana mtu anafungwa, baadaye wakapandisha mpaka 10, na iliwekwa makusudi ili hata mweusi mmoja wawili wakiingia kwenye juri kura yao isiwe na maana. Evangelisto Ramos alitiwa hatiani kwa mauaji namna hiyohiyo, wawili walikataa na bado akapigwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kusema mwaka 2020 hapana, lazima wote 12 wakubaliane. Kesi ikasikilizwa upya, juri ikamuona hana hatia. Wale wawili wangekuwa wamejifanya Kiingereza hakipandi ingekuaje? Watu walihangaika karne nzima kuzima kura ya mtu kama wewe, we unaizima mwenyewe ili ukalale.

Na hili la dini silipuuzii, kuna wanaolimaanisha kabisa. Lakini kwenye kesi nyingi juri haipangi adhabu, hiyo ni ya jaji, wewe unaulizwa kama upande wa mashtaka umethibitisha madai yao bila kuacha shaka ya msingi. Kama hawajathibitisha unasema hawajathibitisha, mtu anaenda kwake. Sioni dhambi hapo, labda shehe au mchungaji wako ana neno lingine.

Tarehe ikigongana na safari au mtihani omba wakuahirishie, mahakama nyingi zinakubali bila maneno mengi, sio lazima uue bibi yako kwa mara ya tatu.

Na we ambaye bado una green card, barua inaweza kukufikia pia, manake majina wanayatoa mpaka kwenye leseni za udereva. Usiitupe kwenye takataka. Jaza ile fomu pale panapouliza uraia useme sio raia, irudishe, wanakutoa. Ila usije ukatiki kwamba we ni raia eti unaogopa kuwaudhi, hapo utakuwa umejitafutia kesi ya uhamiaji ambayo haina juri hata mmoja.